Pikipiki Mbili za Girish

Magoti ya Clotilda yalikuwa yanagonga usukani. Mama yake, Evarista, ndiye aliyegundua, siku alipokuwa anafua ile suruali ya kaki na kukuta imetoboka tena palepale magotini.

"Baba Tilda," alimwambia mumewe, "huyu mtoto amekuwa twiga juu ya mbuzi. Mtafutie pikipiki nyingine, au aache kabisa."

Tarsis alikuwa fundi magari pale Ilala, mtu wa Masasi aliyeingia mjini angali kijana. Ile pikipiki ndogo aliipata kwa Harshad, mwenye duka la spea Mtaa wa Msimbazi. Girish, mtoto wa Harshad, aliichezea utotoni mpaka injini ikafa. Tarsis akaiomba, akaifufua, akampa binti yake alipokuwa darasa la pili. Haikuwa na klachi wala gia. Unavuta mafuta, inakwenda. Kila Jumapili mjomba wake Clotilda alimpeleka bonde la Jangwani, ambako vijana wa mjini walikuwa wakirusha pikipiki kwenye matuta. Tarsis mwenyewe hakuwahi kwenda. Jumapili ndiyo siku ya kazi za pembeni, na siku hiyo yeye alikuwa chini ya gari la mtu.

Sasa binti alikuwa darasa la sita. Tarsis akarudi kwa Harshad.

"Umekuja wakati mzuri," Harshad alisema, akafunua turubai ghalani. "Girish yuko masomoni Ulaya, hatapanda tena hizi. Mama yake anataka nafasi. Chagua moja, fundi, utanitengenezea gari langu, tumemalizana."

Zilikuwa mbili. Ya bluu ilikuwa ya kimo cha kati, yenye klachi na gia. Nyekundu ilikuwa ndefu, kiti chake kinamfika Tarsis kiunoni. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye nyekundu.

"Nachukua hii."

"Girish alipanda kwanza ile ya bluu, ndipo hii. Alikaa nayo miaka miwili."

"Miaka miwili tu! Ndugu Harshad, mimi sare ya shule nanunua kubwa, viatu natia pamba mbele. Hali unaiona, leo kitu kipo, kesho hakipo. Akipata hii, ataikulia."

Harshad alijikuna kidevu. "Kiatu kikizidi utajikwaa tu, fundi. Jumapili nitazileta zote mbili Jangwani kwa pikapu, mtoto azijaribu. Ila tumalize mapema."

Miaka ile mafuta yalikuwa ya shida, na Jumapili, ikishafika saa nane mchana, magari ya watu binafsi yalikuwa hayaruhusiwi barabarani.

Jumapili ilipofika Clotilda alimwamkia Harshad shikamoo huku macho yote yako kwenye pikapu. Tarsis aliishika ile nyekundu, binti akapanda. Harshad akamwelekeza klachi, akamwelekeza gia. Pikipiki ikaguruma, ikaondoka, ikachora duara kubwa kwenye tope lililokauka. Tarsis akacheka peke yake.

Kisha Clotilda akasimama. Mguu wake ulishuka kutafuta ardhi, haukuipata. Pikipiki ikainama taratibu, ikalala ubavu, naye akaruka pembeni. Akashika usukani, akavuta. Ikapanda mpaka magotini, ikarudi chini. Akavuta tena, uso umemvimba kwa kujikaza.

Tarsis alifika mbio. "Ngoja nikuinulie."

"Baba, usiishike."

"Nakusaidia tu."

"Na ukiwa gereji nani atanisaidia?"

Tarsis akarudisha mkono wake.

Clotilda akaiacha palepale. Akaiendea ya bluu na, bila kuipanda, akaisukuma ikaanguka chini. Harshad alipiga ukelele. Mtoto akageuka, akaegemeza mgongo kwenye kiti, akachuchumaa, akajisukuma kwa miguu. Pikipiki ikasimama. Akaipanda, vidole vya miguu yote miwili viligusa ardhi. Akapiga kiki. Ikamzimikia mara mbili kwenye klachi, mara ya tatu ikashika.

Alikwenda mbali, kisha akarudi akielekea tuta kubwa la kifusi. Alikuwa amesimama juu ya pedali, viwiko nje, mwili wote unacheza na kichwa kimetulia. Tarsis alipiga hatua mbili mbele, amwambie apunguze mwendo. Pikipiki ikapanda tuta, ikaliacha.

Vijana waliokuwa wanacheza mpira walisimama, mpira ukaenda zake. Tarsis alimjua mtoto huyu tangu anazaliwa, alijua hata anavyokoroma akilalia ubavu wa kushoto. Huyu aliyekuwa angani hakumjua. Magurudumu yaligusa chini kama mtu anayeweka yai mezani. Tarsis alijikuta amekaa kwenye vumbi.

"Nani amemfundisha?" Harshad aliuliza kwa sauti ya chini.

"Sijui," Tarsis alijibu, na kweli hakujua.

Clotilda akaja na vumbi mpaka kwenye kope. Baba yake alisimama, kama mtu anavyosimama kumpokea mgeni.

"Kule juu unaona nini?"

"Mabati ya Magomeni, yote. Halafu kunakuwa kimya, kama injini imezimika. Lakini haijazimika."

"Unataka ipi?"

"Hii."

"Baada ya miaka miwili utakuwa umeizidi."

"Tutatafuta nyingine, baba."

Wakaipakia nyekundu. Harshad akaondoka upesi, maana saa nane ilikuwa inakaribia. Clotilda alishika usukani wa ile ya bluu kuisukuma kurudi nyumbani, lakini Tarsis hakuondoka. Alifungua tangi, akachungulia.

"Mafuta yamebaki kidogo," alisema. "Ruka tena."

Akaenda kusimama kando ya tuta, karibu kabisa, kofia mkononi. Sauti ya injini ikaja inakua. Kivuli cha binti yake kikampita usoni, na udongo mkavu ukamdondokea mabegani. Hakuupangusa.