Mabao ya Jezi Namba Tisa

Kocha Githinji, mgeni kutoka Nairobi, alikuja kwangu Al Mansoura, huku ughaibuni, Ijumaa mchana, ligi yetu ndogo ya mpira wa magongo ikiwa imekwisha juzijuzi. Chumba kilikuwa kimejaa, na mimi, Mungu anajua, nikiona watu wawili tu ndani huhisi kama nimefiwa. Tukamsogezea pilau. Akaomba daftari la mabao hata kabla hajanawa.

Chuo kimoja cha Nairobi kilikuwa kimempa nafasi moja: binti anayejua magongo, asomeshwe bure. Akapitisha kidole kwenye hesabu nilizoandika msimu mzima, akakwama kwenye namba tisa.

"Mabao kumi na tisa, mechi kumi na mbili! Huyu nani?"

"Olivia," nikasema, maana jezi iliandikishwa kwa jina lake. "Si huyo hapo anatafuna mfupa."

Vigelegele! Mutai, dereva wa maneno mengi, akaanza kumwita daktari. Olivia hakucheka.

"Aunty Damaris, hiyo jezi tunavaa wawili."

Nikalivuta daftari kwangu. Kweli tupu! Timu nzima ina jezi kumi na moja, basi. Olivia hufanya kazi ya ulinzi usiku. Gari la kampuni humchukua kwenda zamu wakati wa mapumziko ya mechi. Anavua jezi, Jebet anayetoka kusafisha vyumba hotelini anaivaa na jasho lake. Nami niliandika namba, sikuandika mtu.

"Ya Jebet ni mangapi?" kocha akauliza.

"Mengi kuliko yangu."

"Mengi si hesabu, binti. Chuo wanataka hesabu."

Hapo ndipo umbea wetu ulipopata kazi ya halali. Nikasoma Ijumaa mojamoja, chumba kikajibu.

"Mechi na wa Al Wakrah, mawili."

"Siku Wairimu alikuja na yule Mganda, akatwambia ni binamu," Peninah akadakia.

"Ni binamu!" Wairimu akafoka.

"Binamu wa kushikana vidole? Mlifika kipindi cha pili, na mabao yote mliyaona. Andika Jebet."

"Mechi na wauguzi, moja."

"Mutai alikuwa bado hajafukuzwa uwanjani na refa kwa kelele zake," Wairimu akasema, apate pa kuponea. "Na alifukuzwa mapema. Hilo la Olivia."

Tulicheka hadi jirani akagonga ukuta. Daftari lilipokwisha, Olivia alikuwa na sita. Jebet kumi na matatu, yote ya nusu mechi.

"Na mimi ningemwacha," kocha akasema polepole. Akaandika jina la Jebet, kisha akamtazama Olivia. "Ungenyamaza, ungekwenda wewe."

"Wangenidai mabao yake huko, kocha. Ningeyatoa wapi?"

Jebet aliingia na sare ya hoteli, na Mutai akamrushia habari kabla hajavua viatu. Kwanza alidhani ni mzaha. Kocha alipomwomba cheti cha sekondari, akaenda moja kwa moja kukaa ubavuni mwa Olivia, akamlalia begani, machozi yakimtiririka.

"Toka, unanuka dawa ya choo," Olivia akamwambia, lakini hakumsogeza. "Kasome. Ukifeli nakufuata huko na gongo."

Nimepikia wengi mji huu. Wamekula, wamekwenda zao. Siku ile nilimpakulia Olivia mara ya pili bila kuulizwa, nikamwongezea nyama niliyokuwa nimewaficha wenzake, nikamshukuru Mungu kimoyomoyo kwa kuniletea mtoto kama yule mlangoni.