Chini ya Kijiko

Kaka na dada hawa walikuwa hawapikiki chungu kimoja tangu utotoni, na uzee haukuwalainisha. Kaka alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Wanafunzi walimbandika jina la Kengele, kwa sababu alikula kwa saa, akalala kwa saa, na hata hasira zake zilikuwa na ratiba. Dada aliendesha greda la barabara kwa miaka ishirini na miwili. Vibarua wenzake walimwita Greda, mpaka jina alilozaliwa nalo likabaki kwenye kitambulisho tu.

Siku ya mazishi ya mama yao, Kengele ndiye aliyesoma wasifu wa marehemu. Akataja watoto na kazi zao, mmoja mmoja. Alipofika kwa mdogo wake akasema, "Na huyu wa mwisho, naye yupo," kisha akageuza karatasi. Baadhi ya watu walicheka. Neno lile lilimkwama Greda kooni kama mwiba wa samaki, na miaka miwili haikutosha kulishusha.

Sasa walikuwa wamebaki wawili kwenye boma la wazazi, nyumba mbili zinazotazamana, na nyuma yake shamba la mteremko. Kila mvua ikinyesha, njia ya kuingilia ilichimbika. Mawe ya makingio ya udongo yaliporomoka hadi kwenye miche. Samadi ilijaa zizini kwa kukosa wa kuihamisha. Mama aliacha kipande cha miti ya mbao na wosia mfupi: miti ikivunwa, inunuliwe mashine moja ya kazi za boma, na wote wawili watie sahihi.

"Mama alijua kutesa hata akiwa kaburini," Greda alimwambia wifi yake, mke wa Kengele. Wifi akacheka, lakini kwanza alitazama mlangoni kama mumewe yuko mbali.

Kengele hakungoja ushauri wa mtu. Miti ilipokwisha kukatwa alitangaza kwamba trekta ameshaliona, ameshaongea na muuzaji, kilichobaki ni sahihi ya Greda. Asubuhi hiyohiyo wakapanda gari la kukodi, yeye mbele na dereva, wanawake nyuma.

"Lina nguvu farasi ngapi?" Greda aliuliza njiani.

"Za kutosha."

"Upana wake?"

"Wewe utatia sahihi tu. Kuendesha nitaendesha mimi."

Wifi alimfinya Greda paja, yaani nyamaza, tusifike tumeshatoana macho.

Uwanja wa mashine ulikuwa nyuma ya kiwanda cha matofali. Matrekta yamepangwa kwenye changarawe, pua zote zikielekea barabarani, yameoshwa mpaka yanang'aa. Muuzaji alitoka kwenye kibanda cha mabati, mtu wa miaka arobaini na kitu, shati limepigwa pasi, kalamu sikioni. Akampokea Kengele kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba, kijana wangu." Kengele aligeuka kwa mkewe na dada yake, kifua mbele. "Huyu nilimfundisha mimi. Mnaona matunda?"

Muuzaji aliwavutia akina mama viti viwili kivulini. Wifi akaketi. Greda alikiangalia kile kiti, akakipita.

Trekta lenyewe lilikuwa jekundu na refu, lenye kibanda cha vioo na kijiko cha mbele ambacho ng'ombe angeweza kulala ndani yake. Lilikuwa limetumika kidogo tu, muuzaji alisema, mwenye nalo alihama. Kengele alilizunguka mikono nyuma, kama anakagua mabweni.

"Hili likipita barabarani watu watajua limepita," alisema.

"Litapita barabarani, ndiyo," Greda akasema. "Getini halipiti."

"Geti litabomolewa."

"Na ukuta wa mawe alioujenga baba? Na miti ya matunda utaikata ili ugeuze? Kaka, pale kwetu ni mteremko. Trekta refu namna hii, ubebe mawe juu, gurudumu moja likanyage shimo, linalala ubavu na wewe ndani. Tunataka dogo, fupi, lenye magurudumu mapana na uzito wa kufunga nyuma. Kazi yetu ni samadi, mawe na kifusi. Hatuendi kulima jimbo zima."

"Mama ana uzoefu kumbe," muuzaji akasema huku akitabasamu, na tabasamu lake alilielekeza kwa Kengele.

"Aliendesha greda," Kengele akajibu. "Kunyoosha vumbi. Miaka ishirini anakwenda mbele anarudi nyuma, basi anajiona mhandisi."

Wifi aliinamisha kichwa. Lakini mtu mzima hatishiwi nyau. Greda akaokota gunia tupu, akalitandika chini ya mikono ya chuma inayoinua kijiko, akalala chali na gauni lake zuri.

Akiwa chini alianza kutazama kwa vidole, kama alivyozoea. Mipira ya mafuta ilikuwa sawa. Pini zilikuwa zimelegea kidogo, si neno. Kisha kidole kikafika kwenye mkono wa kushoto, karibu na unapojikunja, na kikasita. Rangi ya pale ilikuwa laini kuliko kwingine. Akaikwaruza kwa ukucha. Ikabanduka kama ngozi ya maziwa, na chini yake akaona mshono wa kuchomelea, mnene, wa haraka, unaozunguka chuma karibu chote. Mkono huu ulishavunjika. Mtu alikuwa ameuunga na kuupaka rangi juu.

Kivuli kikamfunika. Muuzaji alikuwa amechutama kando yake, na lile tabasamu halikuwepo tena.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "umeona ulichoona. Nakuomba usikione."

"Unauza kifo."

"Simuuzii mtu mwingine. Namuuzia yeye." Alitazama upande wa Kengele, aliyekuwa amepanda kwenye kiti cha dereva na kushika usukani. "Nilikuwa darasa la sita. Redio ya shule ikapotea. Alinisimamisha mbele ya shule nzima, viboko kumi na viwili, akasema mwizi huonekana usoni. Sikurudi tena shuleni. Leo ananiita matunda yake. Jina langu hata halikumbuki; jaribu kumuuliza."

Greda alibaki pale chini, changarawe ikimchoma mgongo. Hakuhitaji kumuuliza kaka yake. Alilijua vizuri lile jicho linalompita mtu kama dirisha. Na lazima tuseme ukweli, kwa kitambo kidogo alitamani kunyamaza. Kaka si amesema ataendesha mwenyewe? Mwenye kutaka ukubwa aupate. Angetia sahihi, angerudi nyumbani, angeketi barazani kwake akisubiri.

Ndipo akamwona wifi yake pale kitini, ameshika mkoba wa mumewe magotini, anakuna kidole gumba kama afanyavyo akiwa na wasiwasi. Greda akainuka, akajikung'uta.

"Kaka, shuka. Mkono wa kijiko umevunjika, umechomelewa ukapakwa rangi. Njoo uone."

Kengele hakushuka mara moja, na aliposhuka hakuinama kutazama. Alimtazama mwanafunzi wake.

"Ni kweli?"

"Kila chuma kina mshono, Mwalimu," muuzaji akasema, uso mkavu.

"Umesikia?" Kengele akamgeukia dada yake. "Tangu asubuhi unatafuta sababu. Hukuweza kuvumilia kitu nilichokichagua mimi. Una husuda, na hukuanza leo."

"Haya," Greda akasema. "Tusibishane kwa mdomo."

Pembeni ya uwanja kulikuwa na jiwe kubwa la zege walilotumia kuwaonyesha wateja nguvu za mashine. Greda alipanda, akawasha, akalizoa lile jiwe kwa mkono mwepesi, akaliinua mpaka mwisho, juu kuliko vichwa vya watu. Akaacha injini ingurume taratibu na kufungua mlango.

"Muuzaji! Simama chini yake."

Muuzaji hakusogea.

"Si ni zima? Simama hesabu ya ishirini tu, na mimi natia sahihi sasa hivi."

"Mama, hatufanyi hivyo hapa, kuna taratibu za usalama..."

"Upuuzi mtupu," Kengele akasema. "Nitasimama mimi."

Na kabla mtu hajafungua kinywa, alikwenda akasimama chini ya kijiko, mikono nyuma, kidevu juu. Mkewe alipiga kelele. Yeye akaanza kuhesabu kwa sauti ileile ya gwarideni: "Moja. Mbili."

Greda akapiga hesabu. Akishusha kijiko, anamshushia kaka kichwani. Akirudisha trekta nyuma, mtikisiko unaweza kuumaliza mshono. Alichoweza ni kutulia. Mkono wake ulikuwa juu ya leva ya kijiko, na ile leva ilikuwa nyepesi kama kijiti.

"Kaka, toka hapo."

"Tano. Umeogopa uongo wako? Sita."

Akakiona kipara chake kikimeta chini ya lile jiwe. *Na huyu wa mwisho, naye yupo.* Maneno yalimjia yenyewe, na sauti yake, na kicheko cha watu. Vidole vilikaza. Baadaye alijiapia kwamba havikusogea hata unywele, na havikusogea kweli. Lakini alijua kwamba alivitazama, kuona vitafanya nini.

"Tisa."

Kipande cha rangi nyekundu kilibanduka kwenye mkono wa kushoto, kikadondoka begani kwa Kengele. Chuma kikatoa mlio mwembamba, kama mlango unaofunguliwa na mtu mwenye hila.

"Mwalimu, toka!" Muuzaji alikuwa amekimbia bila kujijua. Akamkamata mzee kwa ukosi, akamvuta, wakaanguka wote wawili kwenye changarawe. "Toka! Mkono unakatika, niliuchomelea mimi!"

Greda alishusha jiwe taratibu. Lilipogusa chini alizima injini, akashuka kuukagua ule mkono. Mshono ulikuwa umefunguka. Ukucha ungeingia wote.

Kengele alijizoa, suruali imechanika gotini. Alimtazama muuzaji.

"Ungeniua."

"Ndiyo," muuzaji akasema. Alikuwa bado ameketi chini. "Nilifikiri naweza. Yule mwizi wako wa redio ni mimi. Jina langu nani, Mwalimu?"

Kengele alifungua kinywa. Jina halikuja. Kiwanda cha matofali kilikuwa kinagonga nyuma ya ukuta. Mwishowe akamshika mkewe mkono, akaelekea garini, akichechemea.

Njiani aliketi nyuma safari hii, kando ya dada yake.

"Ile redio aliiuza mlinzi wa shule," alisema, akitazama dirishani. "Nilijua juma lililofuata."

"Na hukumwambia."

"Mwalimu mkuu anaanzaje kumwomba radhi mtoto?"

"Kwa mdomo," Greda akasema. "Mwambie dereva ageuze sasa hivi, ukamwombe."

Hakukubali. Dereva alipunguza mwendo, akimtazama kwenye kioo, na Kengele akamwambia akaze mwendo. Greda alimchukia wakati ule kuliko siku ya mazishi.

"Na wewe," Kengele akasema baadaye, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mvua, "ungeliangusha lile jiwe?"

"Nilikuwa najiangalia kama nitaliangusha."

Wifi aliyekaa mbele aligeuka haraka, akaona nyuso zao, akageuka tena.

Trekta walilipata baada ya majuma matatu, kwa mwenye bustani ya miche aliyekuwa anafunga biashara. Lilikuwa dogo, limekwaruzwa kila mahali, lina kijiko cha kadiri na tofali la zege la kufunga nyuma. Greda alilipima kwa kamba, akalala chini yake nusu saa, akalibebesha mchanga na kulipeleka kwenye kilima cha nyuma ya bustani, kupanda na kushuka. Kengele alisimama mbali na fimbo yake. Alisema lina sura ya chura. Alisema majirani watawacheka. Mwenye bustani alipoleta karatasi, Greda akatia sahihi na kumpa kalamu.

"Hata kofia ya jua halina," Kengele akasema, akitia sahihi.

"Utavaa yako."

Kesho yake Kengele alikuja kwenye uwanja wa boma saa mbili kamili, kavaa buti, akasema amekuja kuendesha. Greda alikuwa ameshaanza kupakia samadi. Alifikiri kumfukuza. Kisha akashuka, akamwachia kiti.

"Ukibeba mzigo, kijiko kiwe chini, karibu na ardhi. Mteremko unaushuka ukiwa umenyooka, hukati kona. Mtu akipita mbele, unasimama. Hata akiwa mimi."

"Nimesikia."

Aliondoka kwa kishindo, akachota samadi kidogo na udongo mwingi, akaacha mtaro katikati ya uwanja, na nusu ya mzigo akaumwaga kwenye magurudumu yake mwenyewe. Kuku walikimbilia nyuma ya nyumba. Akazima, akabaki ameshika usukani, jasho likimtiririka.

"Vibaya," Greda akasema. "Rudisha udongo ulipoutoa, halafu anza upya."

Alisubiri maneno. Kengele alimwangalia kwa chuki ya wazi, ya mtu mzima kwa mtu mzima, akawasha injini, na akaanza kuufukia ule mtaro.