Njaa Ilikuja na Ndege ya Nyuma

Mhudumu wa ndege alifika nyumbani asubuhi, akavua viatu mlangoni, akabandika mayai jikoni kabla hata ya kuvua sare. Mama yake alikuwa sebuleni anamsuka mjukuu. Mjukuu huyo waliishia kumwita Bosi, kwa sababu tangu ajue kusema hajawahi kuomba kitu, huagiza.

"Mama, kaa," Bosi aliagiza. "Kula kwanza."

Mhudumu akakaa, akala mayai mawili, matango na kipande cha papai. Alikula kama mtu anayejaza dumu. Alikuwa amejiwekea ahadi: mboga, matunda, maji ya kutosha, biskuti za ndegeni asiziguse, na kila siku apande ngazi za jengo lao mpaka juu ya paa. Kampuni ilikuwa na mtindo wa kuwapima wahudumu uzito kabla ya safari, na mara mbili mfululizo yeye alikuwa amezidi. Akizidi mara ya tatu, atashushwa, na mkataba wake hautaendelea. Katika nyumba ile mwenye kazi alikuwa yeye peke yake.

"Mbona unatafuna kama unatafuna karatasi?" mama yake aliuliza. "Huna njaa?"

"Haijafika, mama. Nadhani imechelewa ndege."

"Ile ya safari iliyopita nayo ilichelewa hivyo hivyo," mama yake alisema, akaendelea kusuka.

Njaa ilifika kesho yake, saa nne asubuhi. Ilipiga hodi ikiwa imevaa sare iliyokunjamana, na pochi kwapani. Ilifanana na mhudumu kwa kila kitu, ila ilikuwa fupi kidogo na mashavu yamejaa.

"Karibu mwanangu, pole na safari," bibi yake Bosi aliipokea.

"Nishapoa, mama. Cha usiku mmepika nini?"

"Cha usiku? Si ndiyo kwanza tumetoa vikombe vya chai."

"Kule nilikotoka ni usiku wa jana," Njaa ilisema, ikavuta kiti.

Ilikula mkate wote, ikala viazi vilivyolala, ikalamba sukari kwenye kijiko. Wakati huo mhudumu alikuwa bafuni anapiga mswaki. Akasikia kiuno cha sketi kinambana, akajua kuna mgeni.

"Mama mdogo," Bosi aliiambia Njaa, "unakula kama hakuna kesho."

"Kwangu hata leo haijafika, mwanangu. Na mwili haujengwi kwa matofali."

Mhudumu alijaribu kuifungia kabati la chakula. Njaa ikakaa mbele ya kabati ikilia taratibu, bila fujo, kama mtu aliyefiwa mbali. Hakuna aliyeweza kufanya kazi nyumbani humo. Mchana ulipoiva na chakula kikawekwa mezani, Njaa ilikuwa imelala fofofo kwenye kochi, na mhudumu akala tena maharage yasiyo na ladha.

Siku ya tatu bibi aliamka akasema, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe."

"Jembe tulitoe wapi humu ghorofani?" mhudumu aliuliza.

"Basi mpe kamba."

Wakaipa kamba ya kuruka. Njaa iliruka kidogo, ikadai magoti yake yamebaki kwenye mizigo. Bosi akaishika mkono akaiongoza kwenye ngazi, mhudumu akifuata nyuma na chupa ya maji. Walipanda polepole, wakipumzika kila ghorofa. Jirani mmoja aliyekuwa anaanika nguo aliwasalimia wote watatu, akamuuliza mhudumu kama huyo ni pacha wake.

"Ni njaa yangu," mhudumu alisema.

"Aah. Mmefanana," jirani alisema, akabana shati kwa kibanio.

Huko juu ya paa, wakihema, mhudumu aligundua kwamba alikuwa anaitendea vibaya. Njaa haikuwa mlafi. Ilikuwa imepotea tu, kama mtoto aliyeamshwa usingizini na kukuta watu wengine sebuleni. Tangu hapo akaacha kugombana nayo. Ilipodai chakula cha usiku asubuhi, aliipa chungwa na maji, akaitoa nje kwenye jua. Ilipotaka kulala mchana, Bosi aliiburuta kwenye ngazi. Kila siku akaisogeza kidogo kuja upande wa nyumbani.

"Hii mboga ilikosa nini hata mkaichemsha hivi?" Njaa ililalamika.

"Kula, mama mdogo," Bosi aliagiza. Ikala.

Siku ya tano ya mapumziko, adhuhuri, harufu ya vitunguu ilipopanda, Njaa ilikuja mezani yenyewe bila kuitwa. Ikakaa karibu kabisa na mhudumu, bega kwa bega. Mhudumu akatia kijiko mdomoni, na maharage yakawa maharage. Alisikia chumvi, akasikia nyanya. Machozi yakamlenga, mama yake akamsogezea kachumbari na kujifanya hajaona.

Hapo ndipo simu ikalia. Alikuwa mpanga zamu.

"Dada, kesho asubuhi unaondoka."

"Kaka yangu, njaa yangu ndiyo kwanza imetulia. Nipe siku mbili tu nijiandae nayo, nisafiri nayo pamoja."

"Mapumziko ni siku tano. Umekaa tano."

"Mimi nimekaa tano. Yenyewe ilichelewa kufika."

"Najua, dada," mpanga zamu alisema, na sauti yake ilikuwa na huruma ya kweli. "Hata mimi usingizi wangu uko mji mwingine tangu nianze kazi hii. Lakini ratiba inahesabu watu. Haihesabu njaa."

Mhudumu aliporudi mezani, Njaa ilikuwa imeshasikia.

"Mimi siendi," ilisema. "Hapa nalishwa kwa wakati."

Mhudumu akapanga sanduku lake. Alfajiri alimbusu Bosi, akaifunika Njaa shuka, akaondoka.

Kwenye mizani palikuwa na foleni. Muuguzi wa kampuni alitazama mshale ulipotulia, akatazama tena, akatabasamu.

"Hongera! Umepungua vizuri sana. Umefanyaje?"

"Njaa yangu imebaki nyumbani."

Muuguzi akaandika: juhudi binafsi. "Mwingine," akaita.

Mwingine alikuwa kijana aliyeacha usingizi wake hotelini, naye alipongezwa. Mwezi uliofuata picha ya mhudumu ilibandikwa ukutani penye chumba cha kubadilishia sare, na maneno chini yake: MFANO WA LISHE BORA NA MAZOEZI. Mkataba ukaendelea. Ratiba ikabaki siku tano.

Njaa haikumfuata tena. Iliota mizizi pale nyumbani. Ilikula na bibi na Bosi asubuhi, mchana na jioni, ikapanda ngazi bila kusukumwa, mashavu yakanywea, ikapendeza. Mhudumu, huko alikokuwa, alikula tufaha na saladi kwa kufuata saa ya ukutani, akanywa maji, akatembea kwenye korido za hoteli. Hakuzidi tena. Kila alipopiga simu alisikia vijiko vikigonga sahani.

Siku moja alirudi mchana, akavua viatu, akakuta wote wameketi. Bibi alimsogezea kiti. Mhudumu alikiangalia chakula kwa muda, kisha akamgeukia mwanawe.

"Bosi," aliuliza kwa sauti ya chini, "eti nina njaa?"

Mtoto akamtazama mama mdogo wake, ambaye alikuwa amejipangusa mdomo na kusukuma sahani mbele.

"Hapana, mama," alisema. "Umeshiba."