Springi Iliyokazwa kwa Uzito wa Baba Chinami

Mume wangu Kiyohide ana kilo tisini na moja na goti moja zima. Mimi nina kilo arobaini na nane, magoti yote mawili, na leseni ya pikipiki kubwa niliyoipata nikiwa na miaka hamsini na saba, baada ya kuiangusha pikipiki ya shule ya udereva hadi mwalimu akaanza kuniita Mama Kishindo. Ukiyaweka hayo pamoja utadhani ni wazi nani awe dereva nyumbani kwetu. Baba Chinami, ndivyo ninavyomwita kwa jina la mtoto wetu, hakuona hivyo.

Pikipiki yetu ni ya safari za mbali, ile aina inayomwinamisha dereva mbele kidogo kwa ajili ya mbio, lakini ina kioo cha kukinga upepo, masanduku mawili ubavuni na kiti cha nyuma cha maana. Hicho kiti cha nyuma nakijua kuliko kitanda changu. Miaka ishirini na mbili nimekikalia, toka hapa kwetu Kumamoto hadi ncha ya Hokkaido, nikitazama mgongo wa koti la ngozi. Japani nzima nimeiona ya kushoto na ya kulia; ya mbele nilikuwa nasimuliwa tu.

Halafu goti la kushoto la Baba Chinami likachakaa, akawekewa la chuma. Daktari akamwambia kutembea sawa, gari sawa, ila pikipiki yenye uzito kama ule asiishikilie tena kwa mguu huo. Daktari alisema hapana. Baba Chinami alisikia bado. Aliijaribu uani, ikamlalia. Akasema ua una mteremko. Ua wetu ni tambarare kama meza, lakini ndoa ina miaka mingi, mtu anajifunza kunyamaza.

Basi nikaanza kuiendesha mimi. Aliniruhusu kama mtu anayemwazima jirani mwavuli. "Izungushe kidogo tu, Mama Chinami, betri isife." Na kila Jumamosi tulikuwa ghalani pamoja, tukibadilisha oili, tukisugua cheni kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu, tukikagua breki. Mchana tunakula matonge ya wali na majani ya haradali palepale kwenye makreti, mikono ikinuka grisi. Nitasema wazi: nazipenda saa hizo kuliko safari zenyewe. Baba Chinami akiwa na spana mkononi hana goti wala umri.

Tatizo ni kwamba kila kitu kwenye pikipiki ile kilikuwa kimekatwa kwa mwili wake. Usukani uko mbali, mkono wa klachi umefunguka kwa vidole vyake virefu, kanyagio la gia limewekwa kwa kiatu chake kikubwa. Mbaya zaidi ni springi ya nyuma. Ina nobu nyeusi pembeni, ya kukaza na kulegeza kwa mkono, na yeye aliikaza ibebe yeye, mimi, na masanduku yamejaa. Nikipanda mimi peke yangu, mkia unabaki juu, nikifika kwenye tuta narushwa kama mchele kwenye ungo.

"Tuilegeze kidogo basi," nilimwomba.

"Usiiguse hiyo. Nimehangaika nayo mwaka mzima mpaka ikakaa sawa."

"Ikakaa sawa kwa nani?"

"Kwa pikipiki."

Mwamba ngoma huvutia kwake.

Mwezi wa tano ukafika muda wa ukaguzi, ule wa kila baada ya miaka miwili, na bila ukaguzi huo pikipiki haitii gurudumu barabarani. Jioni moja, akichovya kipande cha tofu kwenye mchuzi wa soya bila kunitazama, akasema kuna kijana wa Yatsushiro ameiulizia. Ikipita ukaguzi, tutaona. Isipopita, inauzwa.

"Inauzwa na nani?" niliuliza.

"Mimi nimekatazwa, wewe inakurusha. Ya nini kuiweka? Afadhali iondoke ikiwa bado yangu, kuliko ibaki ikiwa..." Akala tofu yake.

Nilikasirika hadi nikaosha vyombo viwili vilivyokuwa safi. Nilimwelewa, hilo ndilo lililoniudhi. Angeweza kuagana na pikipiki. Kilichomshinda ni kuiona inageuka ya mtu mwingine mbele ya macho yake, hata kama mtu huyo ni mimi.

Hata hivyo tuliiandaa vizuri. Tulibadilisha vipande vya breki na maji yake, tukajaribu honi mpaka mbwa wa jirani akalalamika. Mwisho tukapima taa kubwa. Baba Chinami alipiga hesabu zake, mimi nikabandika utepe ukutani mwa ghala, yeye akakaa juu ya pikipiki, goti likiwa limenyooshwa kando, akazungusha parafujo ya taa mpaka mwanga ukagusa utepe sawasawa. "Tazama hiyo," alisema. Nikatazama. Nikapiga makofi. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza swali ambalo mtoto angeuliza.

Tuliichelewesha hadi siku ya mwisho ya kibali, maana mvua ilishika wiki nzima. Nikaiendesha hadi uwanja wa ukaguzi, yeye akinifuata na kigari chetu cheupe cha mizigo. Kando ya lango kuna kibanda cha Bwana Uragami, mwenye mashine ya kupimia taa. Watu wenye akili zao hupita kwake kwanza. Baba Chinami alinipungia mkono kupitia dirishani: twende, tumeshapima.

Ndani unasogea hatua kwa hatua, na juu ya kila kituo kuna ubao wa taa. Duara maana yake umepita, mkasi, yaani mistari miwili iliyopishana, maana yake umeshindwa. Honi, duara. Breki ya mbele, duara. Ya nyuma, duara. Nilianza kutabasamu ndani ya helmeti. Kisha mashine ikaja mbele ya taa kubwa, ikahema, ikatulia, na ubao ukawaka mkasi.

"Taa inaangalia chini, mama," alisema mkaguzi, kijana mpole mwenye kofia ya buluu. "Una nafasi mbili zaidi leo."

Baba Chinami alikuwa ameegemea uzio. Nilipomwambia, alisema mashine yao ina kizunguzungu. Nikamwambia mwenye kizunguzungu ni yeye, twende kwa Uragami.

Bwana Uragami alikuwa na sigara isiyowashwa nyuma ya sikio. Akaniambia nipande, nikae ninavyokaa siku zote. Akachungulia mashine yake, akaizungusha parafujo ya taa, akazungusha tena, akaacha.

"Imefika mwisho, haipandi tena. Mkia wa pikipiki uko juu mno, pua imeinama. Mlipopima nyumbani alikaa nani?"

Nikaonyesha kwa kidole gumba. Bwana Uragami alimtazama mume wangu toka visigino hadi utosini, akacheka mpaka sigara ikamdondoka.

"Sasa kaka, umepima taa kwa ng'ombe halafu ukampandisha mbuzi!"

"Mbuzi ndiyo mimi?" nikauliza.

"Shemeji, mbuzi ana heshima zake."

Baba Chinami hakucheka. Masikio yake yalikuwa mekundu. Bwana Uragami akaona amezidisha, akashusha sauti: wengine hujisogeza nyuma kabisa kwenye kiti wakati wa kupima, mkia ukashuka kidogo, wakapita. Mume wangu aliidaka hiyo mara moja. Angekubali lolote ambalo halikuhusu ile nobu.

Basi nikarudi uwanjani, nikajisogeza nyuma mpaka nikawa nimekalia kiti cha abiria, mikono imenyooka mbele kama ninayevuta mbuzi huyo tuliyemtaja. Wenye pikipiki zao nyuma yangu walianza kuguna. Mkaguzi akanizunguka polepole.

"Mama, barabarani unaendesha hivyo?"

"Ndiyo."

"Kwenda wapi?"

"Aso, mlimani."

"Ukifika Aso utakuwa umeshuka nusu," alisema. "Rudi mbele, tafadhali."

Nikarudi mbele. Mkasi.

Ilibaki nafasi moja, na mchana ulikuwa unakwisha. Niliegesha nje ya kibanda cha Bwana Uragami, ambaye kwa busara alikumbuka ghafla kwamba ana chai jikoni. Sikushuka. Baba Chinami alikuja akichechemea, akasimama pembeni ya gurudumu la nyuma, mkono wake ukashika ile nobu nyeusi. Ukashika tu.

"Nikiilegeza, siku nitakayopanda mimi itazama," alisema.

"Utapanda lini?"

Ilinitoka kali kuliko nilivyotaka. Aliinamisha kichwa akalitazama goti lake. Nikaona nywele zake za utosini zilivyopungua. Maneno matamu yalikuwa mdomoni tayari: geuza tu, ni nobu, ukipona utairudisha. Ningeyasema angegeuza papo hapo, tungepita, tungeenda nyumbani na uongo uleule tuliokuwa tunaufuga miaka miwili. Nikayameza. Sijui kama nimewahi kumeza kitu kigumu hivyo.

"Naogopa, Mama Chinami," alisema. Mume wangu alikuwa hajawahi kuniambia neno hilo, hata siku ya kuingizwa chumba cha upasuaji. "Nikishaigeuza hii, basi. Ndiyo nimekwisha."

"Umekwisha nini?"

"Kuendesha."

"Ndiyo," nikasema. "Kuendesha umekwisha. Mengine bado."

"Mengine yapi?"

"Breki ataziangalia nani? Mimi? Unataka nife?"

Akacheka kwa pua, macho yamelowa, akayafuta kwa mgongo wa mkono akajipaka grisi shavuni. Kisha akaigeuza. Nobu ile hulia kila inapozunguka, tik, na mume wangu aliigeuza taratibu, akisimama kila mlio kama anayesikiliza ndani. Nikaisikia pikipiki inashuka chini yangu, kidogo, kidogo tena. Nikasikia kitu kingine, nikatazama miguuni kwangu. Visigino vyangu vyote viwili vilikuwa vimekanyaga lami. Tangu nianze kuiendesha nilikuwa nasimama kwa vidole, kama mtu anayechungulia ukuta wa jirani.

"Baba Chinami. Tazama."

Alitazama visigino vyangu. "Ulikuwa unasimama kwa ncha za vidole? Siku zote?"

"Siku zote."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema."

Bwana Uragami alitoka na chai yake, akapima, parafujo ikarudi katikati. Alikataa kusema lolote la ng'ombe wala mbuzi. Nikaingia uwanjani mara ya tatu. Mkaguzi aliponiona nimekaa mbele, mgongo wima, alinipa saluti ndogo. Mashine ikaja mbele ya taa, ikahema, ikatulia. Duara. Nilipiga kelele ndani ya helmeti mpaka masikio yangu mwenyewe yakauma.

Nilipotoka na kibandiko kipya kwenye namba, Baba Chinami alikuwa ameshageuza kreti la chai la Bwana Uragami likawa kigoda, na mfuko wake wa spana umekunjuliwa chini.

"Usishuke," alisema. "Nyoosha mkono. Si hivyo, unavyoendesha kweli."

Alipima kwa shubiri yake toka ncha za vidole vyangu hadi mkono wa klachi, akatikisa kichwa. "Kumbe una mkono mfupi hivi."

"Ulikuwa mfupi hata siku ya harusi."

"Siku ile nilikuwa natazama vitu vingine."

Akasogeza klachi ikaja vidoleni. Akashusha kanyagio la gia, akaniambia nikanyage, akapandisha kidogo, akaniambia nikanyage tena. Alikuwa anapiga mluzi, mluzi ule wa Jumamosi. Usukani aliutazama kwa jicho la pembeni, akasema huo unatakiwa kuinuliwa na kuletwa nyuma, ila ukizidisha sana sheria inataka pikipiki ije kukaguliwa upya. Nikamwuliza kama ataweza kuvumilia kurudi hapa.

"Tutakuja na vitafunio," alisema.

Simu yake ikalia mfukoni. Mikono yake ilikuwa na grisi, nikaitoa mimi, nikamwekea sikioni. Nilisikia sauti ya kijana, changamfu, akitaja Yatsushiro, akiuliza ukaguzi umeendaje na aje lini kuichukua. Baba Chinami alisikiliza mpaka mwisho, spana mkononi, macho kwenye kanyagio langu.

"Mimi ni fundi tu, kijana wangu," alisema. "Subiri nikupe mwenye pikipiki."

Akanisogezea simu kwa bega. Nikaipokea.

"Haiuzwi," nikasema.