Mguu wa Bwana Dresa

Ndui ilipoingia Likoni, mwaka mmoja kabla ya uhuru, daktari mkuu alibaki ng'ambo ya kivuko, kisiwani, na amri zote zikamwangukia Rama Boga, dresa, yaani mfunga vidonda, wa zahanati. Alizipokea kwa furaha isiyofichika. Alikuwa mtu mfupi, na kwa mara ya kwanza watu wazima walimsikiliza bila kutazama pembeni.

Amri yake kubwa ilikuwa hii: nyumba iliyotoa mgonjwa itundikwe kitambaa chekundu mlangoni; aliyemo asitoke, na atakayeingia asitoke, mpaka Rama mwenyewe akiondoe kitambaa hicho.

"Hata akiwa liwali!" alitangaza sokoni.

Charo mgema, aliyefungiwa baada ya mdogo wake kupelekwa hospitali, aliuliza dirishani kama minazi nayo imeambiwa isubiri. Rama akapita zake. Aliamini kwamba kiongozi hajibizani na mtu wa dirishani.

Jumatano alikwenda kumkagua Bi Dhahabu, mjane aliyefungiwa peke yake mkabala na Charo. Alisimama nje, kama ilivyompasa.

"Shikamoo, Bi Dhahabu. Hujaona homa wala vipele?"

"Marahaba. Nimeona samaki wa kupaka na wali wa nazi, na sina wa kula naye. Karibu."

"Nimeshiba, mama."

"Umeshiba? Sema umeniona najisi, Rama. Mimi niliyekupakata ungali mchanga!"

Rama alikuwa amechanjwa, na alijua hatari yake ni ndogo. Alijua pia kwamba kumkatalia mjane chakula chake ni jambo ambalo mtaa haulisahau. Harufu ya tui ikamaliza hoja. Akaingia, akaketi mkekani, akala mpaka akalamba vidole.

Alipoinua mguu kuvuka kizingiti atoke, dirisha la mkabala likafunguka.

"Bwana Dresa! Mguu huo watoka nyumba gani?"

"Nimechanjwa, Charo."

"Hata mimi! Wewe ndiye uliyenichanja, na mkono hadi leo waniuma. Basi tutoke sote. Ngoja nivae shati."

Madirisha mengine yakafunguka. Kila penye kitambaa chekundu pakaulizwa kama ruhusa imetoka.

Rama akabaki na mguu hewani. Ijumaa binti yake wa pekee, Mwanarehema, alikuwa anaolewa, na yeye ndiye walii. Akitoka, atakaa mbele ya sheikh amwoze mwanawe kwa heshima. Lakini Charo naye atashuka sokoni, wengine watamfuata, na ndui haitangoja kualikwa. Aliutazama mguu wake kwa uchungu, kama wa mtu mwingine, akaurudisha ndani na kufunga mlango.

Jioni mkewe, Mwanasaumu, akasimama barabarani, mikono kiunoni.

"Kwangu wali umekwisha, baba Rehema?"

"Mke wangu, hii ni karantini."

"Karantini ya samaki! Na mwanangu ataozwa na nani?"

"Na mimi. Hapa hapa dirishani."

Kazi ya kuchanja ikashikwa na Jael, mkunga kutoka bara. Rama alimpigia kelele za maagizo kila alipopita, mpaka Jael akamwambia kwa adabu, "Mzee, wewe kula samaki tu." Kazi ikaenda vizuri bila yeye, jambo lililomtuliza na kumuudhi kwa pamoja.

Ijumaa sheikh akatandikiwa jamvi barabarani. Jael alikagua mikono ya waalikwa, na asiye na alama ya chanjo hakuketi. Rama, amevaa kanzu ya marehemu mume wa Bi Dhahabu iliyomfunika hadi vidole vya miguu, akapaza sauti:

"Rashid, nimekuoza binti yangu Mwanarehema, kwa mahari tuliyoafikiana!"

"Nimekubali!" akajibu bwana harusi.

Dua iliposomwa, Charo aliitikia amina kutoka kwake kuwashinda wote.

Kisha watu wakaondoka kwenda kula pilau, na mtaa ukawa mtupu. Mlango wa Charo ukafunguka taratibu. Mguu mmoja ukakanyaga kizingiti. Upepo ulileta harufu ya bizari, na hapakuwa na wa kumzuia. Charo akainua macho, akamwona Rama dirishani ndani ya kanzu ya kuazima, amemkazia macho, akimeza mate.

Mguu ukarudi ndani.

"Mwambie Mwanasaumu," Charo akasema akifunga mlango, "ukoko ni wangu."