Nesta Ashuka kwa Mlango wa Majeneza

Kusanyiko la nyimbo lilikuwa lianze saa nane mchana, na Nesta alikuwa amekwisha vaa kofia tangu asubuhi. Alikaa ukingoni mwa kitanda huko ghorofani, kitabu cha nyimbo mapajani, bila shaka yoyote kwamba Mungu angemfikisha kanisani. Kilichobaki ni njia tu.

Njia yenyewe ndiyo iliyokuwa taabu. Waliojenga nyumba ile ya shamba waliificha ngazi ndani ya unene wa ukuta, ubavuni mwa dohani, mawe matupu yanayojizungusha kama konokono, mtu apite kwa ubavu. Tangu magoti yamkatae majira ya baridi, Nesta hakuwa ameshuka. Mwanawe Gethin alijaribu kumbeba mgongoni. Walikwama kwenye kona, mama akacheka mpaka machozi, mwana akachubuka viwiko vyote.

"Nipitisheni pale alipopita baba yako," Nesta akasema.

Gethin akatazama sakafu. Kati ya boriti mbili nene palikuwa na mbao fupi zisizo na misumari, zimeshikwa na vigingi vya mwaloni tu. Jeneza halipiti kwenye ngazi ile, kwa hiyo wazee waliacha tundu hilo juu ya jikoni, na kila aliyefia ghorofani alishushwa hapo kwa kamba. Wa mwisho alikuwa Emrys, mume wa Nesta.

"Mama, pale hupita maiti."

"Leo patapita mtu. Nikingoja kufa ndipo nishuke, sauti ya pili ataiimba nani? Shangazi yako?"

"Nakusikia, wifi," akasema Buddug, dada wa marehemu Emrys, aliyekuwa amesimama mlangoni. "Sauti yangu mbovu, lakini miguu inanifikisha." Kisha akashusha sauti. "Mama yetu alituambia, anayeshuka pale akiwa hai hamalizi mwaka."

"Nani aliwahi kushuka akiwa hai?"

Buddug akafikiri. "Hakuna."

"Sasa mama yenu alijuaje?"

Hata hivyo Nesta alikishika kitabu cha nyimbo kwa mikono miwili. Akafumba macho, akasali maneno machache, akafumbua. "Mwiteni Idwal."

Jirani Idwal alikuja na kapi, gurudumu la kamba, anayoinulia majani makavu ghalani, pamoja na ubao mrefu wa kupandishia kondoo garini. Akaifunga kapi kwenye miti mikubwa iliyopinda ya paa. Vigingi vilikuwa vimevimba kwa unyevu. Gethin akagonga, akatukana kidogo, akaomba radhi, akagonga tena. Cha mwisho kikafyatuka, mbao zikainuka, na harufu ya mkate wa zabibu ikapanda juu.

Nesta akainama kuchungulia. Akaiona meza yake, meko yake, kabati lake la sahani za buluu. Alitaka kupiga kelele kama mtoto.

"Mbona juu ya kabati hamjafuta?"

Wakamfunga kitini kwanza. Mikono ya kiti ikagonga boriti huku na huku. Tundu lile lilipimwa kwa mtu aliyelala, si aliyeketi. Saa ya jikoni ikagonga saa saba.

"Nilazeni," akasema Nesta.

Buddug akatandika blanketi juu ya ubao, maana kondoo walikuwa wameacha habari zao. Wakamlaza, wakamfunga kamba. Kofia aligoma kuivua. Buddug akashuka jikoni kumpokea. Ndipo Gethin, kabla hawajaivuta, akaiacha kamba.

"Siwezi, Mama. Baba nilimshusha kwa mikono hii hii."

"Baba yako alikuwa kimya. Mimi nitaimba. Ukisikia nimenyamaza, ndipo uogope. Haya, shika."

Akaanza sauti ya pili ya wimbo wa kufungulia kusanyiko, peke yake, chini chini. Ubao ukainuka, ukayumba, miguu yake ikapita kati ya boriti. Idwal akatia besi. Jikoni Buddug akadaka sauti ya kwanza, akiipotosha kama kawaida yake. Akiwa angali hewani, kamba ikakwama kwa mshtuko, na Nesta akanyamaza.

"Mama?" Sauti ya Gethin ilipasuka.

"Napumua tu, mwanangu. Nawe mbona huimbi? Sauti ya tatu haipo."

Gethin akaimba, akaitikisa kamba mpaka ikaachia. Kuta zile nene zikashika sauti zote nne, na ubao ukatua juu ya meza taratibu kama sinia.

Buddug akazifungua kamba, Nesta akaketi juu ya meza, kofia upande, akicheka na kulia. Gethin akashuka mbio kwa ngazi ya mawe, akamkumbatia miguu.

Buddug akatazama tundu. "Na kurudi juu je, wifi?"

"Kurudi kufanya nini? Kesho kitanda kitanifuata kwa njia hiyo hiyo. Gethin, washa gari. Wataanza bila sisi."