Ndoo ya Soulé

Kazi ya Soulé ilikuwa kulinda ndoo. Msicheke! Mwaka ule wa tatu wa uhuru wa Madagaska, huko bara kusini mwa Mahajanga, riziki ya watu arobaini ilitegemea ndoo hiyo. Kisima walichochimba kilikuwa kimefika kwenye mwamba uliotarajiwa kuwa na gesi, na sasa kinajaribiwa. Vali hufunguliwa huko chini, na kama kuna gesi, hupanda kwenye mabomba na kutokea kwenye mpira mwembamba uliozamishwa ndani ya ndoo ya maji. Mapovu yakichemka, kazi inaendelea. Maji yakitulia, kila mtu arudi kwao.

Siku hiyo mapovu yalikuja moja moja, kwa uvivu. Alasiri ikaingia. Maji ya pipa la kunawia yalikuwa tope tupu, lakini ya ndoo yalikuwa safi, kayateka mwenyewe. Basi Soulé akachota makopo mawili, akatawadha, akaenda pembeni kuswali.

Aliporudi, mhandisi Mfaransa alikuwa ameshaandika kwamba hakuna kitu, na vali imefungwa. Soulé akatazama ndoo. Maji yalikuwa yamepungua, na ncha ya mpira ilikuwa inaning'inia juu yake. Lahaula! Udhu wake umewanyima wenzake kazi!

Angenyamaza, nani angejua? Lakini Msa, mume wa dada yake Hadidja, alikuwa miongoni mwa hao arobaini. Angemtazamaje usoni? Akamwendea mhandisi, akaeleza yote mbele ya watu kwa Kifaransa chake cha kuungaunga, akingoja kufukuzwa. Mhandisi alimkodolea macho, kisha akaijaza ndoo kwa mkono wake mwenyewe na kuamuru vali ifunguliwe tena.

Wakaizunguka ndoo kimya, kama wako matangani. Povu moja. La pili. La tatu. Halafu maji yakatulia tuli. Kesho yake mabomba yalipovutwa, yalimwaga maji ya chumvi matupu; gesi ya maana haikuwamo.

"Alhamdulillahi!" Neno lilimtoka Soulé kwa sauti. Kumbe si yeye! Swala yake haikumnyima mtu chakula. Machozi ya furaha yakamlengalenga.

Msa, aliyekuwa akifunga virago vyake kwa kamba, akageuka. "Unashukuru, shemeji? Nikifika nyumbani mikono mitupu, nimwambie Hadidja kuwa kaka yake alishukuru?"

Haya ikamjaa Soulé. Akachuchumaa, akashika upande wa pili wa kamba, wakafunga pamoja.